Siku, Mahali na Nauli: Funzo la Matembezi ya Watoto Uskoti

Jumamosi iliyopita binti yangu aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Baba, leo tunakwenda wapi?" Aliliuliza kwa sauti ileile aliyokuwa akiitumia tulipokuwa tukiishi Glasgow, nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamivu kati ya mwaka 2019 na 2023. Kule swali hilo lilikuwa na majibu mengi kuliko fedha zetu. Hapa Dar es Salaam, nikiwa na ajira ya kudumu na mshahara wa mhadhiri, nilibaki nikitazama dirishani. Kiwanja cha mtaa wetu, ambacho watoto walikuwa wakichezea mpira na kuruka kamba, kimezungushiwa mabati tangu mwezi uliopita. Juu ya mabati hayo pamebandikwa tangazo la kusudio la kubadilisha matumizi ya ardhi, na chini ya tangazo pameandikwa tarehe ya mwisho ya kupokea pingamizi.

Ndugu msomaji, nimeamua kulijibu swali la mtoto kwa njia ninayoimudu, yaani kwa historia. Hoja yangu ni nyepesi kuieleza, ingawa utekelezaji wake ni mzito. Ili mzazi wa kipato cha kawaida aweze kutoka na watoto wake kwa siku moja ya furaha, anahitaji vitu vitatu: siku isiyo ya kazi, mahali pasipo na lango la kumzuia, na nauli ya kumfikisha. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho mzazi anaweza kukitengeneza peke yake. Waskoti walivipata kwa vizazi vingi vya madai, sheria na bajeti za halmashauri, na nitaonyesha pia kwamba sehemu ya fedha hizo ilitoka mahali pa aibu.

Nianze na siku.

Miaka yetu miwili ya kwanza kule iliharibiwa na UVIKO-19, hivyo milango ilipofunguliwa tulitoka kama kuku waliofunguliwa bandani. Mojawapo ya safari zetu ilikuwa kwenda Blantyre, mji mdogo ulio kusini-mashariki mwa Glasgow, kandokando ya mto Clyde. Hapo ndipo alipozaliwa David Livingstone, Machi 19, 1813, na jengo walimoishi wafanyakazi wa kiwanda cha kusokota pamba sasa ni makumbusho, yaliyofunguliwa upya mwaka 2021 baada ya ukarabati mkubwa. Nje kuna nyasi, miti mikubwa na bembea. Kuna pia sanamu kubwa ya shaba inayoonyesha simba akimrarua Livingstone, na watoto wote wanaofika hapo huishia kuyashika makucha ya simba huyo. Mwanangu wa kiume, aliyekuwa na miaka minne, aliyashika kisha akarudi nyuma haraka, asije simba akabadili mawazo.

Ndani kuna chumba kimoja. Familia nzima ya akina Livingstone, wazazi na watoto, ililala, ilipika na kula katika chumba hicho. David alianza kazi kiwandani akiwa na umri wa miaka 10. Kazi yake ilikuwa kuunga nyuzi zilizokatika kwenye mashine, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili usiku, na baada ya hapo alikwenda shule ya usiku iliyolipiwa na mwajiri. Kwa sehemu ya mshahara wake wa kwanza alinunua kitabu cha sarufi ya Kilatini, akakiegemeza kwenye mashine ili asome sentensi moja moja kila alipopita.

Vitabu vya shule tulivyosomeshwa vilikitumia kisa hiki kuwasifu wenye bidii. Mimi nilipokuwa nimesimama pale na binti wa miaka saba mkononi, nilisikia kisa kingine. Nilimwonyesha saa za kazi zilizoandikwa ukutani. Alihesabu kwa vidole, vidole vikamwishia, akauliza, "Sasa alikuwa anacheza saa ngapi?"

Swali hilo ndilo kiini cha historia ya kazi nchini Uingereza katika karne ya 19. Jibu lilianza kuandikwa polepole. Kilomita kadhaa kuupandisha mto huohuo, katika kijiji cha New Lanark, Robert Owen alishika uongozi wa viwanda vya pamba mwaka 1800. Aliacha kuajiri watoto walio chini ya miaka 10, na tarehe 1 Januari 1816 alifungua taasisi ya elimu ambamo watoto wadogo wa wafanyakazi walipokewa mara tu walipoweza kutembea, wakafundishwa kuimba na kucheza ngoma, na kupewa uwanja wa kuchezea. Owen alikuwa mfanyabiashara na viwanda vyake viliendelea kuleta faida. Ndiyo sababu mfano wake uliwaudhi wenye viwanda wengine, waliokuwa wakidai kwamba mtoto akipumzika biashara itakufa.

Hata hivyo, hisani ya tajiri mmoja haikutosha. Sheria ya Viwanda ya mwaka 1833 ilipiga marufuku kuajiri watoto wa chini ya miaka 9 katika viwanda vingi vya nguo, na ikaweka kikomo cha saa 48 kwa juma kwa wale wa miaka 9 hadi 13. Iliajiri wakaguzi wanne tu kwa nchi nzima, lakini ilithibitisha kwamba serikali ina haki ya kuingia kiwandani na kuuliza mtoto ana umri gani. Sheria ya mwaka 1850 ikaamuru wanawake na vijana katika viwanda vya nguo waachiwe saa nane mchana siku ya Jumamosi. Hapo ndipo Jumamosi ya familia ilipoanza kuota. Mwaka 1872 sheria ya elimu ya Uskoti ikawalazimu watoto wa miaka 5 hadi 13 kusoma. Kisha, mwaka 1938, Bunge likapitisha sheria ya likizo yenye malipo.

Tazama umbali uliopo kati ya 1833 na 1938. Ni miaka 105, kutoka kumwondoa mtoto kwenye mashine hadi kumpa baba yake juma moja la kukaa naye bila kukatwa mshahara.

Katikati ya miaka hiyo watu hawakukaa wakisubiri. Glasgow ilikuwa na gulio la kila mwaka tangu karne ya 12, na kwa muda mrefu nusu ya pili ya Julai ikawa msimu ambao viwanda na karakana za meli zilifungwa kwa pamoja. Kwa wafanyakazi wengi mapumziko hayo hayakuwa na malipo, hivyo familia zilidunduliza senti mwaka mzima. Tangu Henry Bell alipoanzisha safari za meli yake ya mvuke, Comet, mwaka 1812, mto Clyde ulikuwa barabara, na watu wa vichochoro vyenye moshi walishuka nao hadi bahari. Kituo chao kikubwa kilikuwa mji wa Rothesay, katika kisiwa cha Bute.

Nasi tulikwenda Rothesay. Ukitoka Glasgow unapanda treni hadi Wemyss Bay, kituo chenye paa la vioo lililojipinda kama ganda la konokono, kilichojengwa mwaka 1903 ili kumeza umati wa wasafiri na kuwashusha kwa mteremko hadi kwenye gati. Kivuko hutumia kama dakika 35. Mvua ilinyesha njia nzima. Mke wangu alitoa chapati na mayai ya kuchemsha kutoka kwenye mfuko, na bibi mmoja wa Kiskoti aliyeketi mbele yetu akatoa biskuti zake, akawapa watoto, akatueleza kwamba yeye alikuja hapo kila Julai na wazazi wake, na kwamba mvua ilikuwa ileile. Tulifika, tukazunguka ngome ya kale yenye ukuta wa duara, tukatazama hata vyoo vya umma vya mwaka 1899 vilivyonakshiwa kwa marumaru, ambavyo mji unajivunia kama watu wa mji mwingine wanavyojivunia kanisa kuu. Mwanangu aliona ajabu kuja kwa treni na meli ili kutazama choo. Mimi niliona jambo la kutafakari: kwamba mji ulioyajua mahitaji ya wafanyakazi na watoto wao uliamua kuwajengea hata choo kwa heshima.

Kwa upande wetu, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa 45 za kawaida kwa juma na siku 28 za likizo ya mwaka yenye malipo, na imekataza kuajiri mtoto wa chini ya miaka 14. Ni sheria nzuri. Lakini mama lishe, dereva wa bodaboda na fundi wa kibarua hawana mwajiri wa kumdai likizo hiyo. Kwao Jumamosi bado haijazaliwa.

Sasa niseme juu ya mahali.

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19 Glasgow ilivimba kwa viwanda, na watu walibanana katika vyumba vilivyotembelewa mara kwa mara na kipindupindu na homa. Mji ulikuwa na uwanja mmoja wa kale, Glasgow Green, ambao umekuwa ardhi ya wote tangu karne ya 15. Watu walifulia hapo, wakachungia hapo, na baadaye wakafanyia hapo mikutano ya kudai kura. Mwaka 1852 halmashauri ilinunua ardhi kandokando ya mto Kelvin na kutengeneza bustani ambayo leo inaitwa Kelvingrove. Tusiipambe historia: bustani hiyo ilizungukwa na nyumba za wenye nacho, na watu wa mashariki mwa mji walisubiri zaidi. Lakini kanuni ilikuwa imeshawekwa, kwamba fedha za mji zinaweza kununua ardhi ili isijengwe kitu. Halmashauri hiyohiyo ndiyo iliyoleta maji safi kutoka Loch Katrine mwaka 1859, ikaanza kuendesha tramu zake yenyewe mwaka 1894, na mwaka 1898 ikafungua People's Palace pale Glasgow Green, nyumba ya makumbusho na bustani ya vioo kwa ajili ya watu wa mashariki mwa mji. Maji, usafiri na burudani viliandikwa katika daftari moja la matumizi.

Ndani ya bustani ya Kelvingrove lipo jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 1901. Halitozi kiingilio. Hiyo ndiyo sababu, kwa posho ya masomo iliyokuwa ikiisha kabla ya mwezi, tuliingia humo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Watoto walilijua kama sebule yao. Kuna kinanda kikubwa cha filimbi kinachopigwa mchana, ndege ya kivita inayoning'inia darini, na chini yake tembo.

Tembo huyo anaitwa Sir Roger. Ni tembo wa Asia, aliyezungushwa na kundi la maonyesho ya wanyama kabla ya kuwekwa katika bustani ya wanyama ya Glasgow, akapigwa risasi mwaka 1900 alipokuwa mkali na hatari kwa watunzaji wake, kisha akajazwa na kusimamishwa. Watoto wa Glasgow wanampenda kama babu. Siku ya kwanza binti yangu alimzunguka kimya, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kwa nini hapumui. Nilimweleza. Akafikiri, akasema, "Kwetu wapo wanaopumua?" Nikasema wapo, Mikumi, si mbali na nyumbani. "Mbona hukunipeleka?"

Sikumjibu. Ukweli ni kwamba kabla ya kusafiri nilikuwa nikifanya kazi siku sita kwa juma, na siku ya saba nilikuwa nikisahihisha mitihani. Baba yangu alikuwa karani, naye aliondoka nyumbani gizani na kurudi gizani. Sikumbuki hata siku moja aliyonishika mkono kunipeleka mahali kwa ajili ya furaha tu. Simlaumu, kwa kuwa alinisomesha. Lakini niligundua mbele ya mnyama aliyekufa miaka 120 iliyopita kwamba nilikuwa nimeurithi ukimya wake na kuuita uwajibikaji.

Hapa panahitajika uaminifu wa mwanahistoria. Furaha ya bure ya Glasgow ilikuwa na walipaji ambao hawakuulizwa. Pamba iliyosokotwa Blantyre na New Lanark ililimwa kwa sehemu kubwa na watumwa wa Kiafrika ng'ambo ya Atlantiki. Jengo la sanaa za kisasa katikati ya jiji, ambalo nalo tuliingia bure, lilijengwa mwaka 1778 kuwa kasri la William Cunninghame, tajiri wa tumbaku na sukari za watumwa. Chuo Kikuu cha Glasgow kilichapisha mwaka 2018 ripoti juu ya faida kilizopata kutokana na utumwa, na mwaka 2022 halmashauri ya jiji iliomba radhi hadharani. Pale Blantyre pia maonyesho mapya yanawapa nafasi Chuma, Susi na wenzao, waliobeba mwili wa Livingstone kutoka eneo ambalo leo ni Zambia hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874 baada ya kutembea zaidi ya kilomita 1,500. Binti yangu aliliona jina la Bagamoyo ukutani akapiga kelele za furaha, kwani ni kwa bibi yake. Kwa hiyo sisemi tuige kila kitu. Mali iliyojenga ilikuwa na damu; uamuzi wa kuigawa kwa watoto wa wafanyakazi ulipatikana kwa madai ya wafanyakazi wenyewe. Tunaweza kujifunza uamuzi huo bila kuisifu mali hiyo.

Nje ya mji kuna ardhi ya namna nyingine. Nyanda za juu za Uskoti zilikuwa na watu ambao, katika karne za 18 na 19, wengi walifukuzwa na wenye ardhi ili kuwapisha kondoo. Mpaka leo ardhi kubwa imo mikononi mwa wachache. Lakini Sheria ya Marekebisho ya Ardhi ya mwaka 2003 imempa kila mtu haki ya kutembea katika sehemu kubwa ya ardhi na maji ya nchi hiyo, iwe ya umma au ya mtu binafsi, mradi afanye hivyo kwa uangalifu. Familia kutoka Tanzania inaweza kupita na kikapu chake cha chapati katika mlima wa bwana mkubwa, na hana haki ya kuwafukuza kwa sababu tu ni mlima wake. Sheria hiyo haikuwarudishia waliofukuzwa mashamba yao. Imewarudishia wajukuu wao njia.

La tatu ni nauli, nalo nitalipita haraka kwa kuwa hesabu yake ni fupi. Kuanzia Januari 31, 2022, kila mkazi wa Uskoti aliye chini ya miaka 22 ana haki ya kupanda basi bure akiwa na kadi yake. Binti yangu, mtoto wa mwanafunzi mgeni, alipata kadi yenye picha yake, akaigusisha kwenye mashine kwa fahari ya mbunge. Sisi wazazi tulilipa. Tofauti hiyo ndiyo iliyotuwezesha kufika Blantyre.

Nisieleweke vibaya. Uskoti si pepo. Katika miaka niliyoishi huko karibu mtoto mmoja kati ya wanne alihesabiwa kuwa katika umaskini. Ngome ya Edinburgh tuliitazama kutoka nje, na bustani ya wanyama ya jiji hilo tuliiingia mara moja tu, kwa sababu ya kiingilio. Lakini umaskini wa mtoto wa kule una mipaka fulani: unaweza kumnyima mengi, ila haumnyimi bembea.

Turudi nyumbani. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na ibara ya 31 ya mkataba huo inatambua haki ya mtoto ya kupumzika na kucheza. Uskoti imeuingiza mkataba huohuo katika sheria zake za ndani kuanzia Julai 2024. Sisi tulitangulia: kifungu cha 8 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinataja mchezo na burudani pamoja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Nasema hivi kwa wanafunzi wangu wanaodhani kucheza ni anasa ya Wazungu. Ni sheria ya Jamhuri.

Tatizo ni anayebebeshwa wajibu. Kifungu hicho kinamwekea wajibu mzazi au mlezi. Chakula naweza kununua, na nguo naweza kushona. Lakini nitanunuaje kiwanja? Nikijitahidi sana nitampeleka mtoto kwenye jengo la biashara lenye bembea za plastiki zinazolipiwa kwa dakika, na mtoto wa mama lishe atabaki nje ya kioo akitazama. Haki ikiachiwa mfuko wa mzazi, hugeuka bidhaa.

Kwa hiyo nina maneno mawili. Kwa watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu: ramani ya mipango miji inapoletwa mezani ikiwa na eneo la wazi lililopakwa kijani, kumbukeni kwamba rangi hiyo ndiyo jibu pekee la maelfu ya wazazi kwa swali la Jumamosi. Glasgow Green haikubaki wazi kwa miaka zaidi ya 500 kwa sababu hakuna aliyeitamani. Ilitamaniwa mara nyingi, na mara nyingi watu wakakataa.

Kwa wanafunzi na wanaharakati: pingamizi ni haki ya kiraia isiyohitaji maandamano wala kipaza sauti. Nimeandika ya kwangu, kurasa mbili, na jioni hii nitaipitisha kwa majirani ili watie saini. Mjumbe wetu amesema atatangulia kusaini. Binti yangu ameomba kuongeza mstari wake mwenyewe chini, kwa penseli, nami nimemwachia nafasi.

Tarehe ya mwisho ni Ijumaa. Jumamosi, akiniuliza tena, nitamchukua yeye na mdogo wake, tutatembea hadi kwenye yale mabati, na nitawaambia kwamba hapa ndipo tunapokwenda.